Nimetoka Lusail kuangalia MotoGP, karibuni tuzungumze

Mtoto wa Raskazoni, Doha
14 Aprili 2025

Wakuu, kwema?

Kuna mtu aliwahi kusema humu kwamba Mtanzania akifika Qatar anajua njia mbili tu, ya kazini na ya kwenda kutuma pesa nyumbani. Basi mwaka huu nimeongeza ya tatu, ya uwanja wa mbio wa Lusail. Nimeangalia MotoGP kwa macho yangu kuanzia Ijumaa ya tarehe 11 mpaka jana usiku, na masikio bado yanavuma. Nitaandika kwa vipande kwa sababu nipo zamu, msimamizi akipita naficha simu.

Kwa wasiofuatilia: MotoGP ndiyo ligi kuu ya dunia ya pikipiki za lami. Kila wikiendi kuna madaraja matatu: Moto3 ya vijana, Moto2, halafu wakubwa wenyewe. Pikipiki za wakubwa huzipati dukani hata uwe na pesa za namna gani, zinaundwa kwa ajili ya mbio tu. Watengenezaji ni watano: Ducati, KTM, Aprilia, Honda na Yamaha. Lusail imo kwenye kalenda tangu 2004, na tangu 2008 wanakimbia usiku chini ya taa. Sababu moja ni joto. Nyingine ni luninga za Ulaya, maana saa mbili usiku ya hapa kule ni saa moja jioni, watu wameshakaa sebuleni. Na saa mbili ya Doha ndiyo saa mbili ya Dar na Nairobi, kwa hiyo mlioko nyumbani hamna kisingizio.

Sasa mambo ya ratiba. Mapumziko ya wiki huku ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili watu wanaingia kazini kama kawaida, na mbio kubwa ndizo ziko Jumapili. Tena wengi wetu tuliokuja kwa mikataba ya kampuni tunapumzika Ijumaa peke yake. Kwa hiyo safari yangu ilianza Ramadhani, pale nilipomweka chini Mnepali wa chumbani kwetu tukapanga nani amshikie nani zamu. Bila yule bwana uzi huu usingekuwepo.

Kufika si kazi. Unapanda metro laini nyekundu mpaka mwisho kabisa, stesheni ya Lusail QNB. Pale utakuta wenzako wenye kofia za Ducati wanababaika, mnachangishana teksi. Nauli ya metro ni riyali 2, hata mwenye mshahara wa aibu anaimudu. Tiketi za mbio sitataja bei kwa kuwa zinabadilika kila mwaka na kila jukwaa, angalieni wenyewe mtandaoni mapema. Mimi nilichukua ya rahisi Ijumaa na Jumamosi, Jumapili nikajikaza nikakaa jukwaa kuu.

Naendelea baadaye, mtu anakuja.

---

Chogo Wa Kwanza
14 Aprili 2025

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, uzi wa pikipiki bila picha ni kama ugali bila mboga. Tupia picha.

---

Mtoto wa Raskazoni
14 Aprili 2025

Picha utazikuta za kumwaga huko mtandaoni, tena za watu wenye kamera za maana. Zangu zote zinaonyesha lami tupu na mkia wa pikipiki iliyokwishapita. Simu haiwezi, ukibonyeza tu mtu yuko kona ya pili.

Turudi Ijumaa. Wengi wanaidharau kwa sababu ni siku ya mazoezi. Mimi nasema ukiwa na siku moja tu mkononi, nenda Ijumaa. Kwanza, madaraja yote matatu yanaingia njiani kwa zamu, kwa hiyo pikipiki unaziona mpaka unachoka. Pili, si mazoezi ya kujinyoosha. Muda wa Ijumaa jioni ndio unaamua wale kumi bora wanaokwenda moja kwa moja kwenye kundi la pili la kufuzu, ndimo zinamogombewa nafasi 12 za mbele. Aliyekosa anapitia mlango wa nyuma Jumamosi. Kwa hiyo dakika za mwisho za Ijumaa kila mtu anavaa tairi laini na kwenda kama anafukuzwa.

Tatu, mchanga. Uwanja umejengwa jangwani, wakatandika majani ya bandia pembeni ya lami ili kuzuia mchanga usiingie. Unaingia hivyohivyo. Mwanzo wa Ijumaa lami ina vumbi, na madereva wa mwanzo ndio wanaifagia kwa tairi zao. Ukikaa kwenye kona unaona wazi mstari mweusi unavyozaliwa saa baada ya saa, na anayetoka nje yake hata kwa upana wa kiatu anaanza kuyumba. Kwenye luninga jambo hilo sikuwahi kuliona, na nimeangalia miaka.

Halafu sauti. Ikipita karibu, ni kama mtu anapasua kanga mpya sikioni mwako, ila kanga yenyewe haiishi. Nunueni vizibo vya masikio, msijifanye wanaume. Kufikia Jumamosi nilikuwa nafumba macho na kuitambua Yamaha. Msimu huo wa 2025 wenzake wote walikuwa na injini ya V4, yaani silinda nne za umbo la V, yeye peke yake silinda nne zilipangwa mstari mmoja, basi alikuwa na mlio wake, mzito kidogo chini.

---

Dereva Toyo, Morogoro
14 Aprili 2025

Mkuu mimi ni bodaboda, niulize maswali ya kitaalamu. Hiyo mashine ni cc ngapi? Inakula mafuta kiasi gani? Na abiria anakaa wapi?

---

Mtoto wa Raskazoni
14 Aprili 2025

Hahaha, abiria akaage nyumbani.

Cc 1000. Uzito hauruhusiwi kushuka chini ya kilo 157. Tangi la mbio za Jumapili mwisho lita 22. Lusail mzunguko mmoja ni kilomita 5.38, wanakwenda mizunguko 22, piga hesabu: kilomita 118 na ushee kwa tangi moja. Ungekuwa na Boxer yako ungekwenda Morogoro hadi Dar na kurudi, halafu bado ungegombana na abiria kuhusu chenji.

Mwendo: rekodi ya MotoGP ni kilomita 366.1 kwa saa, aliiweka Brad Binder wa Afrika Kusini pale Mugello, Italia, mwaka 2023, na Pol Espargaró akaifikia palepale mwaka uliofuata. Hapa Lusail, Johann Zarco aligonga 362.4 mwaka 2021. Njia iliyonyooka ni zaidi ya kilomita moja, kisha kona ya kwanza ya kulia. Ile breki ya kona ya kwanza ndiyo iliyonifanya nikae kimya. Unaona mtu anakuja, akili yako inasema huyu amekwisha, halafu anainuka kwenye kiti, tairi ya nyuma inaelea, na pikipiki inageuka.

---

Mlinzi Geti, Doha
15 Aprili 2025

Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, niko security hapa Doha. Nitawapa upande mwingine wa hii stori. Jumapili nilipangwa kazi kwenye uwanja huohuo. Nilisimama getini, mgongo kwa njia ya mbio, uso kwa parking. Nimesikia MotoGP yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho na sikuona hata nduthi moja.

Lakini nilikuwa najua kinachoendelea. Watu wakipiga kelele upande wa kushoto halafu kelele ikatembea mpaka kulia, nilijua kuna mtu amempita mwenzake kabla ya kona. Kuna wakati ilinyamaza kabisa halafu ikalipuka. Mleta uzi, hapo ilikuwa nini?

---

Mtoto wa Raskazoni
15 Aprili 2025

Kaka pole sana, na nilipita geti lenu, labda ni wewe uliyeniambia chupa ya maji niiache nje.

Kulipuka huko nadhani ni pale Marc Márquez wa Ducati alipompita Maverick Viñales wa KTM. Ngoja nisimulie zima, kwa kuanzia Jumamosi.

Jumamosi kuna kufuzu na jioni sprinti, yaani mbio fupi, ya mizunguko 11. Marc alichukua nafasi ya kwanza kwa dakika 1 na sekunde 50.499, hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amewahi kuzunguka Lusail haraka kuliko hapo. Mdogo wake Álex wa pili, Fabio Quartararo na Yamaha yake wa tatu. Pecco Bagnaia, bingwa wa MotoGP mara mbili na mwenzake Marc kwenye timu ya kiwanda ya Ducati, alianguka kwenye kufuzu akaanzia nafasi ya 11. Sprinti yenyewe haikuwa na hadithi ndefu: Marc, Álex, Franco Morbidelli. Waitaliano waliokaa nyuma yangu walikunja nyuso kama wamedaiwa kodi.

Jumapili ikawa mbio. Kona za mwanzo tu Marc na Álex waligusana, kipande cha mabawa ya nyuma ya Ducati ya Marc kikachomoka. Morbidelli akatoroka mbele. Unamwona Marc anamfuata bila pupa, na mimi nikaanza kufikiri kile kipande kimemharibia. Wakati huohuo Bagnaia anapanda kutoka huko nyuma, mmoja mmoja. Álex akamgonga Fabio Di Giannantonio, akapewa adhabu ya kupita kwenye kitanzi cha nje cha kona, ile wanayoiita mzunguko mrefu.

Halafu akaja mtu ambaye hakuna aliyemtaja jukwaani kwetu usiku kucha. Viñales, na KTM ya timu ya Tech3, ambayo msimu huu ilikuwa inasuasua. Alimpita mmoja, wa pili, mara yuko mbele kabisa! Jukwaa zima likasimama. Nilikuwa simshabikii, nikajikuta nampigia makofi. Aliongoza mizunguko kadhaa, Marc nyuma yake kama deni. Zikiwa zimebaki chache Marc akapita, akaondoka, akamaliza mbele kwa chini ya sekunde 2. Viñales wa pili, Bagnaia wa tatu. Wakapanda jukwaa la washindi, Viñales anacheka mpaka jino la mwisho, sisi tunapiga kelele.

Marc hakuwa ameshinda mbio kubwa Lusail tangu 2014. Nimetoka pale naona nimeshuhudia mambo mawili makubwa usiku mmoja.

Tumefika stesheni, treni imejaa, Mfilipino mmoja akageuza simu yake tusome. Viñales kapigwa adhabu ya sekunde 16. Kutoka nafasi ya pili mpaka ya 14. Sababu: upepo wa tairi ya mbele.

---

Dereva Toyo, Morogoro
15 Aprili 2025

Subiri kwanza. Upepo? Mtu ananyang'anywa kwa ajili ya upepo wa tairi? Alikuwa na pancha?

---

Fundi Spoku, Mombasa
15 Aprili 2025

Hapa ndipo kazi yangu, niachieni.

Kanuni iko hivi. Tairi ya mbele ya MotoGP lazima iwe na upepo usiopungua baa 1.8, na sensa iliyomo ndani ya gurudumu inaandika kila mzunguko. Kwenye mbio ndefu lazima uwe juu ya kiwango hicho kwa asilimia 60 ya mizunguko. Kwenye sprinti, asilimia 30. Ukishindwa, unaongezewa sekunde 16 kwenye mbio ndefu, 8 kwenye sprinti. Bwana Toyo, baa 1.8 ni kama psi 26, haiko mbali na upepo wa tairi ya mbele ya bodaboda yako. Tofauti ni kinachotokea baada ya kuondoka.

Upepo hupanda tairi ikipata moto. Ukimfuata mtu kwa karibu, unakula joto la injini na breki zake, hewa baridi haikufikii, tairi yako inachemka na upepo unapanda. Ukipanda mno, tairi inakuwa ngumu, sehemu inayogusa lami inapungua, ukishika breki inateleza. Ukiwa mbele peke yako, hewa safi inakupuliza, tairi inapoa, upepo wake unashuka.

Sasa fundi anajaza kabla ya mbio. Lazima abashiri: mtu wangu atakuwa nyuma ya kundi au atakuwa mbele? Akidhani atakuwa nyuma, anaweka kidogo, akijua joto litamalizia. Viñales alianzia nyuma ya vigogo, kwa akili ya fundi yeyote hesabu ilikuwa kwamba atakaa kwenye moshi wa wenzake. Badala yake akaongoza. Yaani kilichomwadhibu ni kwenda vizuri kuliko timu yake ilivyotarajia.

Na Marc anaijua michezo hii. Thailand, mbio za kwanza za mwaka huu, alikuwa anaongoza, akapunguza mwendo makusudi, akamwacha Álex apite. Watu wakadhani pikipiki imeharibika. Alikuwa anatafuta joto la mdogo wake ili upepo upande. Upepo ulipofika kiwango, zikiwa zimebaki mizunguko michache, akampita na kushinda.

---

Chogo Wa Kwanza
15 Aprili 2025

Hii ni sheria ya kijinga kuliko zote nilizowahi kusikia. Watu wamelipa nauli, wamelipa tiketi, wamemshangilia mtu jukwaani, halafu wakiwa kwenye treni wanaambiwa mlichoona sicho. Mpira hauwezi kufanya hivyo.

---

Fundi Spoku, Mombasa
16 Aprili 2025

Mpira hauendi kilomita 350 kwa saa. Tairi yenye upepo mdogo ina mshiko mzuri zaidi, ndiyo maana kila timu ingependa kushuka. Lakini inanepa, inapata joto pabaya, na ikipasuka kwenye ule mnyooko unajua kitakachofuata. Mtengenezaji wa tairi ndiye aliyedai kiwango cha chini.

Nitakubaliana nawe kwa jambo moja. Wanazo namba palepale njiani, mzunguko kwa mzunguko. Matokeo kubadilika watu wameshakabidhiwa vikombe si uungwana kwa mtazamaji.

---

Mzee wa Zamani, Zanzibar
16 Aprili 2025

Vijana, Lusail na adhabu ni marafiki wa siku nyingi. Mbio za kwanza kabisa hapo, Oktoba 2004, lami ilikuwa na mchanga balaa. Usiku wa kuamkia mbio, watu wa Valentino Rossi waliingia wakapitisha skuta pale atakaposimama kuanzia, wakasugua tairi ili mpira ushike lami. Watu wa Max Biaggi nao wakasafisha pao. Wote wawili wakarudishwa nyuma kabisa ya mstari. Rossi akaja mbio kama kichaa, akapita watu wengi, kisha akaanguka. Sete Gibernau akashinda. Rossi akachukua ubingwa wa mwaka huo hata hivyo, na Gibernau hakushinda tena mbio yoyote ya daraja hilo mpaka anastaafu.

Na 2009 mvua ilishuka Jumapili usiku, katika jangwa, wakaahirisha mpaka Jumatatu kwa sababu mwanga wa taa kwenye lami yenye maji unapofusha. Hebu fikirini mtu wa zamu aliyeomba ruhusa ya Jumapili tu.

---

Mlinzi Geti, Doha
16 Aprili 2025

Mzee wacha, hapo ningelia. Supervisor wangu anaanza kuhesabu dakika mtu akienda msalani.

---

Nesi Mswahili, Doha
18 Aprili 2025

Assalaam alaykum. Kaka yangu umesimulia vizuri lakini umemruka Jorge Martín. Bingwa wa dunia wa mwaka jana, msimu wote alikuwa majeruhi, hizi ndizo zilikuwa mbio zake za kwanza na Aprilia. Alianguka, na pikipiki ya Di Giannantonio ikamfikia akiwa chini. Timu yake imetangaza mivunjiko 11 ya mbavu na hewa iliyoingia kifuani nje ya pafu. Yuko hospitali hapahapa Doha. Msiniulize ipi na ninajua nini, kazi ninaipenda.

Ninachotaka kusema ni kwamba mambo yangeweza kuwa mengine. Wale wanavaa ngozi mwili mzima na ndani yake mfuko wa hewa unaojaa wenyewe kabla mtu hajagusa chini, ni lazima kwa kila dereva tangu 2018. Nimefanya kazi wodi ya majeruhi nyumbani kabla ya kuja huku. Wale wa bodaboda tunawapokea wakiwa na kandambili na kofia ngumu imetundikwa kwenye kioo cha pikipiki. Dereva Toyo nakutazama wewe.

---

Dereva Toyo, Morogoro
18 Aprili 2025

Dada nimesikia. Kofia yangu naivaa, ya abiria ndiyo wanaikataa, wanasema inanuka. Na kweli inanuka.

---

Mtoto wa Raskazoni
18 Aprili 2025

Dada Nesi asante, nilimruka kwa sababu pale uwanjani hatukuelewa. Anguko lenyewe halikuwa mbele yetu, tuliona kwenye skrini kubwa mtu yuko chini, kisha mbio zikaendelea mbele na sote tukamsahau. Ndivyo ilivyo ukiwa jukwaani: unaona kipande chako vizuri sana na vingine huvioni kabisa.

---

Chogo Wa Kwanza
19 Aprili 2025

Hapo umejichongea mwenyewe. Kwenye king'amuzi unaona anguko kwa pembe nne, unaona upepo wa tairi, unaona nani yuko nyuma kwa sekunde ngapi, na choo kiko hatua tano. Umetumia pesa na umebembeleza Mnepali ili uone mkia wa pikipiki. Nishawishi.

---

Mtoto wa Raskazoni
19 Aprili 2025

Ukitaka kujua nani amempita nani, kaa nyumbani, sibishi. Mimi mwenyewe Jumatatu nilirudia mbio zote kwenye simu ndipo nikaelewa Bagnaia alipandaje kutoka nafasi ya 11.

Ila kamera inaua mwendo. Inazunguka pamoja na pikipiki, kwa hiyo unaona mtu ametulia katikati ya kioo, nyuma yake rangi zinapita. Miaka yote nilidhani najua kilomita 340 ni nini. Sikujua. Nilijua Ijumaa, nikiwa nimeshika uzio, pale Aprilia ya kwanza ilipopita na macho yangu yakachelewa kuifuata.

Kingine ni ulalo. Wanalala zaidi ya nyuzi 60, kiwiko kinakwaruza lami. Kwenye luninga ni mapambo. Ukiwa karibu unaona tairi ya nyuma inateleza kidogo kila kona, kila mara, na dereva anaikubali. Hakuna hata mmoja aliyekaa sawa njia nzima. Wote wako ukingoni mwa kuanguka kwa dakika 40 na kitu, na wengi hawaanguki. Hilo kamera ilikuwa inanificha.

---

Binti Tukuyu
20 Aprili 2025

Samahani, mimi mgeni wa mchezo huu. Kuna Mwafrika anayekimbia?

---

Fundi Spoku, Mombasa
20 Aprili 2025

Yupo Brad Binder wa Afrika Kusini, yuleyule wa rekodi ya mwendo. Bingwa wa Moto3 mwaka 2016. Ndiye aliyeipa KTM ushindi wake wa kwanza kabisa wa MotoGP, Brno, Jamhuri ya Cheki, 2020. Austria 2021 mvua ilianza zikiwa zimebaki mizunguko michache, wenzake waliokuwa mbele wakaingia kubadilisha pikipiki, yeye akabaki na tairi za jua kwenye lami ya maji akashinda. Tafuta hiyo video usiku huu, dada. Hapo Lusail 2024 alikuwa wa pili nyuma ya Bagnaia. Mwaka huu KTM imekuwa ngumu kwake.

Mbio za MotoGP za mwisho kufanyika Afrika zilikuwa Welkom, Afrika Kusini, 2004. Huku kwetu hazijawahi kufika.

---

Binti Tukuyu
21 Aprili 2025

Nimeiangalia hiyo ya Austria. Nimekaa nikishika mto. Nani mwingine niangalie?

---

Mzee wa Zamani, Zanzibar
21 Aprili 2025

Karibu mjini, mwanangu. Pole na usingizi wako.

---

Chogo Wa Kwanza
6 Oktoba 2025

Naufufua uzi. Mleta uzi upo? Marc amechukua ubingwa Motegi, Japani, tarehe 28 Septemba, wa tisa kwake ukijumlisha madaraja yote. Jana Indonesia Marco Bezzecchi kamgonga mzunguko wa kwanza tu, kaumia bega. Nimekuwa nikifuatilia tangu Aprili na nyinyi ndio wa kulaumiwa.

Swali: nina binamu yangu anaingia Doha kwa kazi ya hoteli. Anataka kujua aanze wapi.

---

Mtoto wa Raskazoni
6 Oktoba 2025

Nipo, kaka. Mwambie akishapata kitambulisho cha ukaazi aulize siku yake ya mapumziko ni ipi, kisha aanze urafiki na mtu wa zamu ya Jumapili mapema. Achukue tiketi ya Ijumaa kwanza, aone kama mwili wake unaupenda mchezo, za jukwaa kuu zitafuata. Avae viatu vya kufunika, kuna kutembea. Vizibo vya masikio asinunulie getini. Na kama ni wa hoteli, asiwaambie wenzake wote, watakaomuomba abadilishane nao watakuwa foleni.

---

Mlinzi Geti, Doha
7 Oktoba 2025

Na mwambie chupa ya maji aiache nyumbani.